Chama Hakikai Ndani ya Mkoba wa Katibu



Mwezi huu hatuandiki juu ya mishahara wala juu ya nyumba. Twaandika juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni namna tunavyotunza tarehe zetu na maandishi yetu. Lakini msomaji asigeuze ukurasa upesi, maana jambo hili dogo limekwisha kumgharimu mwenzetu mmoja kazi yake.

Habari yenyewe ni hii. Mwenzetu, ambaye jina lake tunalihifadhi, alifukuzwa kazi bila kupewa nafasi ya kujieleza. Akaja kwa chama, kama ilivyo haki yake, akaleta barua yake. Barua ikapokelewa. Katibu wa tawi wa wakati ule akaiandika katika daftari, akalitia daftari katika mkoba, na mkoba akaupeleka nyumbani. Baada ya majuma machache akahamishwa kwenda kituo kingine cha mbali, na mkoba ukaenda naye. Sisi tuliobaki, kila mmoja alidhani mwenzake analishughulikia jambo lile. Mmoja wetu alikumbusha katika kundi la WhatsApp, lakini neno lake lilifunikwa siku ileile na salamu za asubuhi, picha za harusi na ubishi wa mpira.

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kwamba ugomvi wa mtu kufukuzwa kazi upelekwe kwa Waziri kabla ya kupita siku 90 tangu siku aliyofukuzwa, isipokuwa kama iko sababu nzuri ya kuchelewa. Tulipozinduka, siku 90 zilikuwa zimekwisha pita. Tukaulizwa sababu yetu nzuri. Tungesema nini? Kwamba tarehe ilikuwa ndani ya mkoba?

Hatutafuti mtu wa kumlaumu. Katibu yule alikuwa mwaminifu, hakula senti ya mtu, na alifanya kazi ya chama usiku baada ya kazi yake ya mchana. Kosa ni letu sote. Tulikubali kumbukumbu za watu wengi zikae mkononi mwa mtu mmoja, na mtu mmoja huugua, huhamishwa, hustaafu, na hufa.

Dawa ya jambo hili ipo, na wengi wenu mmeibeba mfukoni.

DAFTARI LA PAMOJA NI NINI

Yako madaftari yasiyokaa katika karatasi wala katika simu ya mtu mmoja. Hukaa katika mashine kubwa zilizo mbali, na kila aliyepewa ruhusa huyafungua kwa simu yake kwa njia ya intaneti. Mtu akiandika neno akiwa Sagana, mwenzake wa Isiolo analiona neno hilohilo papo hapo, mahali palepale, katika ukurasa uleule. Daftari linalojulikana zaidi ni la kampuni ya Google, liitwalo Google Docs, na iko pia kalenda yake iitwayo Google Calendar. Vyote viwili vilitolewa kwa watu mwaka 2006. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Tarehe 9 Desemba 1968, huko San Francisco, Marekani, mtaalamu Douglas Engelbart aliwaonyesha watu mkutanoni jinsi wawili walio mbalimbali wanavyoweza kufanya kazi katika maandishi mamoja kwa wakati mmoja.

Mtu wa reli hahitaji kuelezwa sana. Njia yetu ya Nanyuki, ile iliyotengenezwa upya na magari yakarudi kupita mwezi wa Desemba 2020, ni njia moja tu. Gari la kupanda na gari la kushuka hutumia reli zilezile. Kwa hiyo hapana dereva anayeondoka stesheni kwa kudhani. Huondoka kwa ruhusa, na ruhusa hiyo stesheni ya mbele inaijua sawasawa na stesheni ya nyuma. Fikirini kama kila stesheni ingekuwa na ratiba yake yenyewe, na kila mkuu wa stesheni angeamini ya kwake. Tungekuwa tukiokota maiti kila juma.

Lakini katika chama ndivyo tunavyofanya. Mwenyekiti ana nakala yake ya madai, katibu ana nyingine, mweka hazina ana ya tatu iliyosahihishwa kwa kalamu. Siku ya kuketi na mwajiri nakala hizo zinagongana mezani, naye mwajiri anatutazama na kutabasamu. Yeye amekuja na karatasi moja.

Wengine watasema, tunalo kundi la WhatsApp, latosha. Halitoshi. Kundi lile ni kama mto, maneno hupita. Ni zuri kwa kuitana na kwa kupashana habari za msiba. Bali jambo linalopaswa kukaa lahitaji kisima, uchote leo na kesho ukikute palepale. Nasi watu wa Isiolo twajua habari za visima. Waborana tangu zamani wana mzee wa zamu ya maji, abba herega, anayesimamia ni mifugo ya nani inywe siku gani. Kisima ni cha wengi, lakini hakiendeshwi ovyo. Zamu inajulikana na kila mtu, na yuko wa kuisimamia. Daftari la pamoja nalo linataka vivyo hivyo.

KALENDA YA TAWI

Kalenda ya pamoja ni jambo rahisi. Tarehe huandikwa mara moja, wote huiona, na simu ya kila mmoja humkumbusha kabla ya siku kufika, siku moja mbele au juma zima, kama alivyotaka. Katika kalenda ya tawi letu yafaa yaandikwe kwanza mambo ya sheria, maana hayo hayangoji mtu.

Mwenzetu akifukuzwa kazi, siku hiyohiyo iandikwe, na siku ya 90 iandikwe, na ukumbusho uwekwe siku ya 30 na siku ya 60. Ugomvi ukipelekwa kwa Waziri, iandikwe, kwa kuwa ana siku 21 za kumteua msuluhishi. Msuluhishi akiteuliwa, iandikwe, kwa kuwa siku 30 zikipita bila mapatano ugomvi huhesabiwa kuwa haukusuluhishwa, isipokuwa pande zote mbili zikubaliane kuongeza muda. Na ikiwa mwisho wa yote ni mgomo, sheria yataka ilani ya maandishi ya siku saba kwa mwajiri na kwa Waziri. Chama kisichojua kuhesabu siku saba chaweza kupoteza mgomo wake kwa kalamu tu, hata kama madai yake ni ya haki tupu.

Baada ya hayo yaje mambo yetu ya kila siku, mikutano, michango ya msiba na zamu za kazi. Mnakumbuka mkutano ulioitishwa Ijumaa saa saba mchana, wakati nusu ya wanachama walikuwa msikitini. Uliofuata ukaitishwa Jumapili asubuhi, na nusu nyingine ikawa kanisani. Kila upande ulidhani umedharauliwa, na kumbe hapakuwa na dharau, palikuwa na ujinga wa tarehe tu. Katika mji kama huu wa Isiolo, wenye Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana, Wasamburu na wengine wengi, kalenda moja inayoonyesha sala, ibada, mfungo wa Ramadhani na zamu za wafanya kazi si anasa. Ni adabu kati yetu.

JEDWALI LA SAA ZA KAZI

Liko jambo la tatu, nalo huenda likawa kubwa kuliko yote. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanya kazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi, yenye malipo, kwa kila miezi kumi na miwili. Wengi wetu twajua haki hizi kwa midomo. Lakini genge lililopewa kazi ya kubadilisha mataruma likifanya kazi siku kumi mfululizo, na baadaye wakaja kudai, huulizwa ushahidi. Mwajiri anafungua daftari lake. Sisi tunafungua midomo.

Kama kila genge lingekuwa na jedwali la pamoja, na kila jioni mtu mmoja akaandika nani alikuwako, aliingia saa ngapi na kutoka saa ngapi, baada ya miezi mitatu tungekuwa na maandishi yaliyoandikwa siku ileile ya kazi, si ya kukumbuka. Madaftari haya huhifadhi pia habari za kila badiliko, nani aliandika na lini. Kwa hiyo mtu hawezi kusema kwamba tuliyatunga juzi usiku. Kazi ni ya dakika mbili kwa siku, na faida yake ni ya fedha.

WAZEE WETU HAWAKUWA NA SIMU

Isidhaniwe kwamba twaabudu simu. Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa, wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani, waliacha kazi, watu kama 15,000. Hawakuwa na simu wala kalenda za mtandaoni. Walikuwa na uwanja, wakauita Kiwanja cha Maskini, na hapo walikutana na kusikilizana. Mpagazi wa bandarini hakuhitaji kumtafuta katibu ili ajue jambo lililoamuliwa. Alikwenda kiwanjani akalisikia yeye mwenyewe, wakati mmoja na wenzake. Nguvu yao ilikuwa hapo, katika kujua pamoja.

Basi tazameni na upande wa pili. Mwezi wa Agosti 1947 kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa, akapelekwa Kabarnet, na chama chao, African Workers Federation, hakikudumu sana baada ya hapo. Sababu zilikuwa nyingi, na iliyo kubwa ni mkono mzito wa serikali ya kikoloni. Lakini twajifunza kwamba chama kinachotegemea mtu mmoja hupigwa kwa kumpiga mtu mmoja.

Makhan Singh naye alilijua jambo hili. Baba yake alikuja kufanya kazi ya useremala katika reli, halafu akafungua kiwanda cha kupiga chapa Nairobi. Mwana akatumia ufundi wa chapa kwa kazi ya vyama, wakatoa karatasi za kuwaeleza wafanya kazi haki zao katika lugha walizozielewa. Mwaka 1950 alikamatwa, akazuiliwa mpaka 1961, Lokitaung, Maralal na Dol Dol, huku huku kaskazini kwetu. Mtu waliweza kumfunga. Karatasi iliyokwisha kusomwa na watu elfu haifungiki.

Daftari la pamoja ni mtoto wa karatasi zile na wa kiwanja kile. Chombo ni kipya, lakini sheria yake ni ya zamani: jambo la wote lijulikane na wote.

MASHAKA YALIYO YA HAKI

Tumewasikia wenye mashaka, nao hawasemi upuuzi.

Wa kwanza wasema, si kila mwanachama ana simu kubwa. Ni kweli. Wako wazee wetu wenye simu za mulika mwizi, na wako wenye simu nzuri wasio na fedha za bando. Chama kisichowafikia hao kitakuwa chama cha wenye simu. Kwa hiyo kila mwisho wa juma ukurasa wa kalenda upigwe chapa na kubandikwa katika ubao, na karani wa genge awasomee wasiosoma. Karatasi hii mnayoishika haitakufa. Itakuwa dirisha la daftari lile. Na kwa walio mahali mtandao unapokatika, simu ikitayarishwa mapema daftari hufunguka hata bila mtandao, na yaliyoandikwa hujiunga na ya wenzake mtandao ukirudi.

Wa pili wasema, mtu mwovu ataingia na kufuta kila kitu. Kuna ruhusa za aina tatu katika madaftari haya. Wako wa kusoma tu, wako wa kusoma na kutoa maoni, na wako wa kuandika. Si lazima kila mtu apewe kalamu. Na kwa kuwa mabadiliko yote huhifadhiwa, ukurasa uliochafuliwa leo waweza kurudishwa kama ulivyokuwa jana.

Wa tatu wasema, mwajiri ataona. Hili ndilo shaka kubwa, na hapa hatutaki mtu afanye mchezo. Mwezi wa Juni 2024 vijana wa Kenya waliokuwa wakiupinga Muswada wa Fedha walitumia mtandao kwa ustadi mkubwa. Waliufasiri muswada katika lugha za nyumbani, wakapeana orodha na habari bila kuwa na ofisi hata moja. Tarehe 26 Juni Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi. Lakini walikuwako waliouawa, na walikuwako waliotafutwa na kuchukuliwa. Ukurasa ulio wazi kwa kila mtu uko wazi pia kwa anayekutafuta. Orodha ya majina ni silaha yenye makali pande mbili.

Kwa hiyo daftari letu lisifunguliwe kamwe kwa kompyuta ya mwajiri wala kwa anwani ya barua aliyoitoa mwajiri. Lisiwekwe wazi kwa kila mwenye kiungo, bali lifunguliwe kwa majina ya waliokubaliwa. Majina ya wanachama wapya na mipango ya mgomo isiandikwe humo hata kidogo. Hayo yana mahali pake, nayo ni mkutano wa halmashauri, mdomo kwa sikio. Na kwa maandishi ya siri yasiyoweza kuepukwa, iko programu iitwayo CryptPad, iliyotengenezwa Ufaransa, ambayo huyafunga maandishi kwa namna ambayo hata mwenye mashine hawezi kuyasoma. Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatubana na sisi. Anayetunza habari za watu ana wajibu wa kuzilinda, akiwa serikali, mwajiri au chama.

Liko shaka la nne ambalo halisemwi kwa sauti. Wako viongozi, hapa na katika vyama vingine, wanaopenda mkoba kwa sababu mkoba una kifuniko. Mwanachama akitaka kujua mchango wa msiba ulikwenda wapi, anaambiwa daftari liko nyumbani. Kwa hao hatuna jibu ila hili: ukurasa wa fedha ndio uwe wa kwanza kuandikwa.

TUNALOPENDEKEZA

Twaomba mkutano ujao wa tawi uyapime mambo haya sita na kuyapigia kura.

1. Akaunti ya daftari na kalenda iwe ya tawi, si ya mtu. Neno la siri lijulikane na viongozi wawili, na libadilishwe siku ileile kiongozi anapoondoka.

2. Wachaguliwe waandishi watatu wenye ruhusa ya kuandika, mmoja wa Isiolo, mmoja wa Nanyuki, mmoja wa stesheni za chini. Wanachama wengine wawe na ruhusa ya kusoma na kutoa maoni.

3. Kila barua ya kufukuzwa, ya onyo au ya uhamisho iandikwe katika kalenda siku inapopokelewa, pamoja na tarehe zake za sheria.

4. Kila genge liweke jedwali la saa za kazi, naye mwandishi wa genge abadilishwe kila mwezi ili wote wajifunze.

5. Ukurasa wa fedha za tawi uonekane na kila mwanachama aliyelipa ada.

6. Kila mwisho wa mwezi yote yapigwe chapa na kutiwa katika faili. Mtandao ukikatika au kampuni ikibadilisha masharti yake, chama kisibaki uchi.

Msiogope kazi yenyewe. Mimi ninayeandika maneno haya nilisoma shule ya msingi ya misheni, na mambo ya kompyuta sikufundishwa. Kijana wa duka la saiba hapa mjini alinionyesha kwa saa moja, na jioni yake mke wangu akawa ananifundisha yale niliyosahau. Anayeweza kutuma fedha kwa M-Pesa aweza kufungua kalenda.

Reli ya Isiolo, ile tuliyoahidiwa tangu mradi wa LAPSSET ulipozinduliwa Lamu mwezi wa Machi 2012, hatujaiona bado. Siku itakapofika italeta wafanya kazi wengi wapya, na mabwana wapya, na masharti mapya. Isitukute tukitafuta mkoba.

Naye mwenzetu aliyefukuzwa, leo anaendesha bodaboda hapa mjini. Juzi alinibeba kutoka stendi hata nyumbani, akakataa nauli. Akaniuliza tu: "Ndugu, siku hizi mnaandika wapi?" Sikuwa na jibu. Mkutano ujao na umpe jibu.

Umoja ni nguvu.

Mhariri